Zamu ya Kung'atwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mmoja wetu atang'atwa! Mwongozaji katangaza leo asubuhi, sisi manusura tumekaa juu ya makreti ndani ya lile ghala tunalorekodia, chai mkononi. Katika sehemu ya mwisho ya msimu huu wa tamthilia yetu, manusura mmoja ataumwa na zombi, atakufa, basi. Nani? Hasemi. Yeye ndiye mwongozaji, yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mwenye siri. Anadai hataki mtu aanze kuigiza umaiti kabla ya zamu yake.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mimi ndiye Mtunza Stoo. Yule aliyeficha makopo ya maharage wenzake wakifa njaa. Nimeigiza vizuri mno, na hilo ndilo tatizo. Mwenye duka mtaani kwetu ananiuzia mkate huku kanikunjia uso. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu apasuliwe goti, anasema zombi akiingia humu ndani yeye mwenyewe atamwonyesha chumba changu.

Halafu yupo Kamanda, kiongozi wa manusura. Mabega kama kabati. Sauti ya kutoka kisimani. Anapendwa na watazamaji, na wapishi, na hata na mazombi wenyewe, ambao wakati wa mapumziko humwachia kivuli. Mimi wananiachia jua.

Kabla ya kazi hii nilikuwa sauti ya ng'ombe kwenye tangazo la maziwa. Sirudi kwa ng'ombe!

Kwa hiyo lazima nijue. Sina nia mbaya. Nikiwa ni mimi, nijiandae. Akiwa ni Kamanda, nijiandae pia, kwa wimbo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: kumvika mwongozaji kilemba cha ukoka. Nimempelekea chai kabla hajaomba. Nimemwambia kazi yake inagusa mahali ambapo dawa haifiki. Nimemwambia sijawahi kuona mtu anayewaelewa mazombi kama yeye. Akaonja chai. Akauliza nina shida gani nyumbani.

Nikajibu sina shida, nashangaa tu kazi yake. Akasema kama sina shida nikasimame kwenye alama yangu, maana watu wote wananisubiri mimi. Kweli walikuwa wananisubiri. Hata mazombi.

Kamanda aliona yote. Akacheka kwa ile sauti yake, akanigawia nusu ya karanga zake. Nilizila, lakini kwa mashaka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwanga! Umetoka kwa dada anayeigiza Nesi wa kambi. Ana kidomodomo kizuri, Mungu amzidishie. Kaniambia zombi hang'ati mkono wa mtu hivi hivi. Hung'ata mkono wa bandia uliofungwa juu ya mkono wa kweli, na huo hutengenezwa kwa kalibu ya plasta iliyochukuliwa kwa mhusika mwenyewe. Kazi ya wiki nzima. Maana yake mkono wa marehemu mtarajiwa lazima uko tayari, umelazwa mahali.

Mahali gani? Kwa Fundi Vidonda, bila shaka. Huyu ni mama mmoja mfupi, mpole, anayetengeneza majeraha yetu yote. Chumba chake kiko nyuma ya ghala, kinanuka gundi na sharubati ya damu. Ana masikio yaliyotundikwa kwenye misumari. Ana ndoo ya vidole. Ukimwamkia anakuangalia shingo.

Nimeuliza kwa kujitia hamnazo kama huwa anafunga mlango saa ya chakula. Nesi kasema hafungi. Nani ataiba vidole?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeingia! Wenzangu wanakula, mimi nikala kona. Mlango ukalia kidogo, moyo ukanilia zaidi. Juu ya meza, chini ya taulo, kuna kitu kirefu. Nikafunua. Mkono! Mnene, wenye misuli, na kwenye kifundo alama ya saa. Nani anavaa saa kubwa kama sahani? Kamanda!

Nilitaka kupiga kelele za shangwe. Nikasikia viatu. Nikaingia chini ya meza. Bahati mbaya chini ya meza tayari kulikuwa na kichwa, nami nikagongana nacho uso kwa uso. Nikapiga kelele, lakini za aina nyingine.

Fundi Vidonda akainama, akaniuliza kwa upole natafuta nini pale chini. Sijui nilipata wapi akili ile. Nikasema nimekuja kujitolea mkono. Kwa mazoezi yake. Kwa maendeleo ya fani.

Mama wa watu akafurahi karibu alie! Akasema hakuna anayejitolea, wote wanamkimbia, na siku nyingi anatamani mkono mkavu wenye mishipa kama wangu. Akanikalisha. Akanipaka mafuta, akamwaga plasta hadi kwapani. Tukangoja. Ikawa ya moto, ikakauka. Kumbe mafuta hayakufika kila mahali. Alipoivuta, vinyweleo vyote vya mkono wangu vilitaka kuondoka nayo. Nikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya kamera. Mazombi watatu waliokuwa wakila nje walikimbilia ndani kuniokoa, sahani mkononi.

Si kitu. Najua ninachojua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimetangaza nyumbani, wakati wa chai. Kamanda anakufa! Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akafunika uso kwa mtandio. Akasema, Kamanda wangu, mtoto wa watu, na yule mficha makopo abaki hai? Nikamkumbusha kwamba mficha makopo ndiye mimi. Akasema anajua.

Mke wangu akauliza kama nimeambiwa au nimekisia. Nikasema nimeuona mkono kwa macho yangu. Akauliza mkono uliandikwa jina? Nikamweleza habari za saa. Akanitazama kwa namna anayoitumia nikisema nitatengeneza bomba mwenyewe. Akaniasa nisimwambie mtu mwingine. Nikasema nimwambie nani? Nimewaambia nyinyi tu, damu yangu.

Baada ya chai mama mkwe akachukua fimbo yake, akasema anakwenda saluni kusukwa. Nikamtakia heri. Goti limepata nafuu ghafla.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeamka na roho safi. Nimeamua kumwonyesha Kamanda huruma katika siku zake za mwisho. Nikamletea kiti. Nikamwambia ameigiza vizuri maisha yake yote. Nikamuuliza, taratibu, kama akiondoka kile chumba chake cha kubadilishia nguo, kile chenye dirisha, kimeshaahidiwa mtu.

Kamanda akaacha kutafuna. Akanishika bega, akanipeleka nyuma ya jenereta ambako hakuna anayesikia kitu.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimehisi tu."

"Kaka, tafadhali usiseme. Niliomba mwenyewe."

Nikadhani jenereta imeniharibu masikio. Akarudia. Baba yake kapooza upande mmoja, kijijini, yuko peke yake na jirani mmoja wa kumgeuza kitandani. Mkataba haumruhusu kuondoka mpaka Kamanda afe. Kwa hiyo alimwendea mwongozaji, akaomba afe. Mwongozaji alikataa, kisha akakubali kwa shingo upande, kwa sharti moja: iwe siri, watazamaji wasijue mpaka jino liingie nyamani.

"Nimeshampigia mzee," akasema. "Nimemwambia mwisho wa mwezi nipo. Anahesabu siku kwa mkono wake mzima."

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Huyu mtu ana kila kitu ninachokitaka, naye anataka kukitua. Inakuwaje? Kwa nini hakuwahi kusema? Nilimwangalia akirekodi, anapiga mazombi rungu, anafoka, halafu kamera ikizimwa anachungulia simu. Nimefanya kazi naye misimu miwili, na leo ndiyo kwanza nimejua kwamba ana baba.

Nimeapa kunyamaza. Nitanyamaza kama kaburi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Janga.

Tumefika kazini tukakuta lango limezibwa na watu. Wameshika maboksi yaliyokatwa na kuandikwa KAMANDA HAFI. Wanaimba. Wote waliokuwa saluni siku ile, na waume zao, na abiria waliosikia habari wakiwa njiani. Na mstari wa mbele kabisa, katika gauni lake la harusi za watu, fimbo juu, nani? Mama mkwe!

Aliponiona akanikonyeza, kama watu tunaoshirikiana.

Mwongozaji alitoka nje mara moja, akarudi na shati limechomoka kwenye suruali. Akatupanga mstari. Akauliza nani kamwaga mtama. Macho yakawa yanapita uso hadi uso, yanakuja. Nikasema labda ni mazombi. Wako wengi, wanalipwa kwa siku, nani anajua wanaongea na nani.

Mazombi walikuwa nyuma yangu. Walinitazama tu, na siku hiyo hawakuhitaji meikapu.

Kamanda hakunitazama kabisa. Hilo liliniuma zaidi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimeitwa ofisini. Mwongozaji yupo, na Fundi Vidonda yupo, kapakata kitu kwenye taulo. Mwongozaji akasema wenye matangazo wamempigia simu: Kamanda akifa, nao wanaondoka. Kwa hiyo Kamanda haguswi. Lakini zombi lazima ang'ate mtu, sehemu ya mwisho imeshatangazwa. Na mkono mpya huchukua wiki, na wiki hatuna.

Nikasema pole. Nikasema maskini wewe, mzigo gani huu.

Akasema kwa bahati nzuri upo mkono mwingine ulio tayari. Fundi Vidonda akafunua taulo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kitoto kichanga. Mkavu. Mishipa yote. Hadi kovu langu la pasi. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kutoa mkono unaopendeza kung'atwa kama huo.

Nikasema ule ulikuwa wa mazoezi! Wa maendeleo ya fani! Mwongozaji akasema fani imeendelea. Akanishukuru kwa kujitolea. Akasema Jumatatu nije nimenyoa.

Ng'ombe amenijia usingizini alasiri hii. Ananisubiri.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Kamanda kanifuata stoo, stoo yenyewe ya kwenye tamthilia, kwenye makopo yangu matupu. Nilitarajia ngumi. Nikavua miwani, nikaiweka juu ya kopo.

Akakaa chini.

"Ulimwambia nani?"

"Mama mkwe tu."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, makopo yakaanguka, mimi nami nikacheka kwa kuona mambo yameisha. Kisha sauti ikabadilika katikati, nikagundua hacheki tena. Yule mtu mkubwa. Kasema jana usiku kampigia mzee kumwambia haji. Mzee kasema hakuna neno, mwanangu, kazi kwanza. Kamanda kasema afadhali mzee angemtukana.

Sikujua niweke wapi mikono yangu, yote miwili iliyobaki. Nikamwambia nina mpango. Nitamwendea mwongozaji, nimwombe tufe wote, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Naomba," akasema, "nakuomba sana, usinisaidie."

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nimekufa leo. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba.

Mke wangu alinipigia pasi shati la kufia. Kazini Fundi Vidonda akanifunga mkono wa bandia, akaubusu kwaheri. Zombi wa kuning'ata ni yule mrefu, ambaye kwa kawaida ni kinyozi, mmoja wa wale niliowasingizia. Nikamwomba ang'ate palipochorwa. Akasema hana shida. Akang'ata juu ya palipochorwa, kwenye bega langu la kuzaliwa nalo. Mayowe yangu yalisifiwa na kila mtu.

Sasa, kwa jinsi ilivyoandikwa, ninaanguka, Kamanda ananipakata, ninasema "Stoo...", ninakata roho. Neno moja! Baada ya misimu miwili! Nimelala pale mapajani mwa Kamanda, damu ya sharubati inaniingia sikioni, kamera iko karibu kama pua, na nikawaza: siku yangu ya mwisho ya kuuza sura, niondoke na neno moja? Siondoki.

Nikasema "Stoo..." Kisha nikaendelea. Nikasema Kamanda, nisamehe makopo. Nikasema niliyaficha kwa woga. Nikaona mwongozaji hajasimamisha. Nikaongeza. Lakini mwenye kuongeza lazima awe na la kuongeza, nami nilikuwa nimeishiwa. Nikamwangalia Kamanda usoni, macho yake mekundu tangu Ijumaa, na likanitoka lililokuwepo.

"Ng'ambo ya milima wako watu hai," nikasema. "Nilisikia redioni, nikaficha. Yupo mzee wako huko. Anakungoja. Nenda, Kamanda. Usingoje nife."

Hilo halikuandikwa popote. Nilimsikia Nesi akivuta pumzi. Kamanda akanikodolea macho, mdomo ukamcheza, na machozi yale hayakutoka kwenye chupa ya Fundi Vidonda.

"Nani atawalinda hawa?" akauliza. Kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nenda," nikasema. "Nenda kwa baba yako, mjinga wewe."

Kisha nikafa, kwa kirefu. Mara mbili nilifumbua macho kidogo kuona kama kamera bado ipo.

Mwongozaji alikaa kitini muda, kidole mdomoni. Nikadhani unga wangu umemwagika rasmi. Akasimama, akaanza kuzungukazunguka, anaongea peke yake. Kamanda anaondoka akiwa hai! Anavuka milima! Watu wa langoni hawana la kusema, wenye matangazo hawana la kusema, na atarudi akitaka, msimu wowote! Akanijia nilipolala. Nikajiandaa kukumbatiwa. Akaniruka, akamkumbatia Kamanda.

Kamanda mwenyewe alinisaidia kuinuka. Alinishikilia tu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sharubati ikatugandisha mashati, ikabidi watu wawili watuachanishe.

Nataka iandikwe hapa kwamba yote yale niliyapanga.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Sehemu ya mwisho imeonyeshwa. Majirani wamejaa sebuleni hadi kwenye mlango wa jikoni. Mama mkwe yuko kwenye kochi, nami kanikalisha pembeni yake, jambo la mara ya kwanza. Zombi alipong'ata, akanikamata mkono. Niliposema nisamehe makopo, akaubana. Nilipokufa, akalia kwa kwikwi, akanivuta kichwa hadi kifuani kwake, anasema maskini mkwe wangu, maskini mkwe wangu, kumbe hukuwa mbaya. Nilikuwa hai kabisa, pale pale, napumua poda yake. Sikumsahihisha.

Mke wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Akafuta jicho. Kisha akaniashiria nimechafua kola.

Kamanda kapiga simu baadaye. Kaangalia akiwa na mzee, kamwegemeza kwa mito miwili. Mzee kauliza kama yule mtu wa makopo amekufa kweli. Kamanda kasema kweli. Mzee kasema maskini, alikuwa na ulimi mzuri. Nikauliza mzee anaendeleaje, nikakaa kimya nisikie jibu lote. Jana amechezesha kidole gumba cha upande uliopooza. Peke yake.

Jumanne, tarehe 2 Julai

Nimepata kazi! Mwongozaji kaniruhusu nirudi kama zombi. Safu ya nyuma, bila kusema, bila kuongeza chochote, kasisitiza hilo akiwa amenishika kola. Mwendo wangu wa zombi ni wa huzuni, wenye mawazo. Wenzangu wameniweka juani, lakini leo kinyozi kanisogezea maji.

Ila kuna jambo. Mchana nimemwona mwongozaji kamvuta kinyozi pembeni, wananong'ona. Mwongozaji akamgusa kifuani, upande wa moyo. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali siri. Siri gani? Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, na jibu ni moja tu: msimu ujao zombi mmoja atapona! Atarudi kuwa mtu, atazungumza!

Kwa nini iwe kinyozi? Ana nini? Anajua tu kung'ata. Lazima nijue. Sina nia mbaya. Kesho saa ya chakula nitaingia kwenye lile kapu kubwa la nguo chafu lililo nje ya ofisi, nitege sikio.

Nimeshamwambia mama mkwe kwamba atakayepona ni mimi. Kachukua fimbo, kaenda saluni.